Kasoro Kwanza, Sifa Baadaye

Mimi ni mpiga picha, na kundi ni langu. Naanza na hilo ili tusisumbuane huko mbele. Nililianzisha mwenyewe mtandaoni, nimekaa kwenye kigoda kile kile cha studio wanachokalia wateja wa picha za paspoti, na nikaliwekea sheria moja tu: kasoro kwanza, sifa baadaye. Ukiweka picha yako kundini, mtu wa kwanza kukujibu lazima ataje kosa moja. Akishalitaja, ndipo wengine waseme nzuri, hongera, mambo hayo. Hakuna aliyesamehewa. Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa kwamba bibi harusi wangu ameota mti utosini, na kweli, ule mti wa nyuma ulikuwa umemsimamia kichwani kama pembe. Nilinuna siku nzima. Ila tangu hapo, kabla sijabonyeza, naangalia kwanza kilicho nyuma ya mtu.

Kundi likakua. Wakaja watu wenye simu, wakaja watu wenye kamera kubwa za kubadilisha lenzi, na hapo ndipo balaa lilipoingia. Wenye kamera hawakutaka kuona picha za simu. "Tumekuja kujifunza mwanga, tunaletewa paka," mmoja akaandika. Wenye simu wakamjibu kwamba kununua sufuria kubwa si kujua kupika. Kasoro zikageuka matusi. Kuna muuguzi mmoja, mpole wa watu, aliweka picha ya mwanawe mchanga, akaambiwa mtoto ana sura ya kiazi. Yule mama alitoka kundini, kisha akanipigia simu ili nisikie kilio chenyewe.

Mori ulinipanda. Nikawaambia wote wanyamaze, nikaligawa kundi vyumba viwili. Chumba cha Mafundi kilikuwa cha wenye kamera kubwa ambao kazi zao nimezikagua mimi mwenyewe nikaridhika. Huko sheria ya zamani ikabaki. Chumba cha Wanaoanza kilikuwa cha wageni wa fani na cha kila mwenye simu, hata awe hodari vipi. Juu ya mlango wake nikaandika: "Humu hatukosoi. Humu tunatiana moyo tu." Atakayekosoa anafungiwa. Watu wakapiga makofi, wale wa juu na wale wa chini. Amani ikarudi, nami nikajipongeza kwa kikombe cha chai.

Sasa ngoja niwaeleze habari za Mama.

Mama yangu mzazi alikuwemo kundini, na hakuna aliyejua isipokuwa mimi na wifi yangu, mke wa kaka, anayeishi naye. Alijiita Bibi Dirisha. Nilimwingiza mwaka ule ule aliofariki Baba, na sababu yangu haikuwa picha. Nilitaka tu ashike kitu mkononi.

Baba na Mama walikuwa wabishi. Si ugomvi wa kuvunja vyombo, la, ubishi wa mapenzi. Walibishana kuhusu sauti ya redio, kuhusu nani kaacha mlango wazi, kuhusu jina la jirani aliyehama zamani. Wangeweza kubishana juu ya mvua huku inanyesha. Baba alipoondoka, nyumba ikajaa watu wa sauti za chini. Pole Mama. Pumzika Mama. Acha hiyo Mama, nitaibeba. Na Mama, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukubali jambo bila kulipinga kwanza, akaanza kuitikia. Ukimwambia ale, anaitikia. Ukimwambia leo jua kali, anaitikia. Akawa analala mchana, uso ukutani, anakonda. Daktari akampima kila kitu asione ugonjwa. Mimi niliona. Mama alikuwa anajiendea taratibu, na niliogopa.

Basi nikamwonyesha jinsi ya kupiga picha kwa simu na kuziweka kundini. Picha yake ya kwanza ilikuwa kamba ya nguo, kaipiga kutoka dirisha la jikoni. Aliyeijibu wa kwanza alikuwa Pimamaji.

Pimamaji ni mpima ardhi mwenye kamera za kutosha kufungua duka. Jina hilo tulimpa sisi, la kile kifaa cha mafundi ujenzi chenye kiputo cha hewa ndani ya kioo, cha kupimia kama kitu kimekaa sawa, kwa sababu machoni pake kila picha duniani imepinda. Akamwandikia Mama: "Ukuta wa nyuma umelewa. Na mpiga picha je?"

Nilitamani ardhi ipasuke. Mjane wa watu! Lakini kesho yake asubuhi wifi akanipigia akinong'ona. Mama ameamka kabla ya watu wote, amesogeza stuli dirishani, yuko juu yake. Punde picha ikaingia: kamba ile ile, ukuta umenyooka. Chini yake Mama kaandika: "Ukuta umeacha pombe. Una lingine?"

Alikuwa nalo, atakosaje? "Kivuli kimekula nusu ya shati." Mama akasubiri jua lizunguke, akapiga tena. Wakaendelea hivyo kila siku ya Mungu, huyu anatoa kosa, yule anatoa hoja. Mama akaanza kula. Akaanza kutoka nje kukagua mwanga. Siku moja wifi akanipigia akicheka na kulia kwa pamoja. "Wifi, mama yako kanigombeza leo! Kaniambia mapazia yangu yanamzibia mwanga, kayang'oa!" Tulilia wote wawili, kila mtu kwenye simu yake.

Ndiyo maana nasema, nilipogawa vyumba, nilipaswa kufikiri. Sikufikiri. Mama ana simu, wenye simu wanakwenda kwa Wanaoanza, basi. Nilijiambia hata afadhali, huko hakuna wa kumtonesha kidonda.

Na kweli hakuna aliyemtonesha. Walimmwagia maua. Akiweka picha, mioyo. Nzuri sana bibi. Umetisha bibi. Bibi hatari! Akaweka picha imepinda mpaka sahani zinataka kumwagika, wakampa mioyo. Akakata kichwa cha paka, mioyo tena. Mwisho akaweka picha ambayo kidole gumba chake kimeziba nusu nzima, na kijana mmoja akamwandikia: "Ubunifu wa hali ya juu!" Baada ya hapo Mama hakuweka kitu tena. Mimi nilikuwa kwenye msimu wa harusi, sikuona.

Wifi ndiye aliyeniita. "Njoo. Ameanza tena kuitikia."

Nilimkuta kitandani mchana kweupe, uso ukutani. Simu yake ilikuwa kwenye droo, imezimwa. Nikakaa ukingoni mwa kitanda nikamuuliza nini kimemsibu.

"Hakuna."

"Mama."

"Hawanigombezi," akasema, bado kaangalia ukuta. "Nimewawekea upuuzi, wakausifu. Nimewawekea kidole, wakakisifu kidole."

"Wanakupenda."

"Mwanangu, mtu anayesifiwa na kila mtu bila kasoro hata moja ni marehemu. Umewahi kusikia maiti akikosolewa? Wameshanizika wale, mimi ndiye niliyekuwa sijalala tu."

Nikajitia kutengeneza mambo. Nikamwambia nitamnunulia kamera apande kwa Mafundi. Akasema kamera ya nini, mikono yake haitaki mizigo, na alichokipoteza yeye si lenzi. Nikamwambia basi nitampandisha hivyo hivyo na simu yake, kundi si langu? Hapo tu ndipo alipogeuka kidogo.

"Nipitishwe mlango wa nyuma kwa kuwa ni mama wa mwenye kundi? Ng'o!"

Kisha akarudisha uso ukutani. Nikamwambia alale basi, nami nitarudi. Akaitikia.

Niliporudi studio, simu ilikuwa inawaka kwa malalamiko. Pimamaji ameshuka Chumba cha Wanaoanza! Amekwenda mpaka kwenye picha ya kidole cha Bibi Dirisha, akaandika: "Hata kidole kina upande wake mzuri, na huu sio. Bibi, unatutania au umeishiwa?" Watu chungu nzima wakawa wananidai nimfungie. Kumkosea adabu bikizee! Sheria si sheria? Na mwenye sheria ni nani kama si mimi?

Nilikuwa natafuta mahali pa kubonyeza nimfungie, mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamume mwembamba, shati limechomekewa barabara, na kabla hajanisalimu akanyoosha fremu iliyokuwa ukutani. Sikuhitaji kuambiwa ni nani.

"Mwenyekiti," akasema, "nimeshafungiwa?"

"Bado. Ndio naelekea huko. Karibu, Mzee."

"Nifungie, sawa. Lakini uniambie kwanza, yule bibi wa dirisha yuko wapi?"

"Unamtakia nini?"

"Ananijibu!" Aliketi kwenye kigoda bila kukaribishwa. "Wewe unajua shida yangu huko juu kwa Mafundi? Ukimwambia mtu kasoro, anakuandikia 'ahsante mkuu.' Ahsante mkuu! Kesho analeta kosa lile lile. Yule bibi hajawahi kunishukuru hata siku moja. Ananitafutia hoja. Ananitukana kistaarabu. Siku moja aliniambia huenda kilichopinda ni shingo yangu, na sitakuficha, nilikwenda nikasimama mbele ya kioo. Sasa nasikia umemshusha, nimeshuka kumtafuta, nakuta anaweka vidole. Yule si mtu wa kuweka vidole. Yule ana jambo."

Nilitaka kumkalia kimya. Mdomo ukanitangulia. "Yule ni mama yangu."

Akaangalia sakafu, kisha akasema polepole, "Basi umemfungia mama yako kwenye chumba cha pongezi."

"Usinitie kidole jichoni ndani ya studio yangu!"

"Mwenyekiti, si wewe uliyeandika kasoro kwanza?"

Damu ilinichemka, nawaambia ukweli. Na iliyonichemsha zaidi ni kwamba alikuwa na haki. Nikasimama nikawa napanga miavuli ya taa isiyohitaji kupangwa. Alikuwa bado amekaa pale kwenye kigoda, mgongo wima, na kwa mazoea tu, kama ninavyomuuliza kila anayekaa pale, nikamuuliza: "Mzee, ungekuwa mteja, ungetaka picha inayofanana na ulivyo, au unavyopenda kuonekana?"

"Nilivyo," akasema. "Kuonekana niachie wanasiasa."

Nikasimama na mwavuli mkononi. Swali hilo nimeliuliza maisha yangu yote ya kazi. Mwenye paspoti nampiga alivyo, mwenye picha ya ukutani nampiga anavyotamani, na wala simuulizi ana saa ya bei gani mkononi. Halafu kundi langu mwenyewe nililigawa kwa vyombo! Nikawauliza watu wana kamera gani, na wana ujuzi gani. Sikumuuliza hata mmoja alikuja kutafuta nini.

Nikachukua simu. Pimamaji akasema, "Unanifungia?"

"Nabomoa," nikasema. "Kaa hapo hapo."

Nikafuta Mafundi, nikafuta Wanaoanza. Nikafungua vyumba vitatu. Cha kwanza, Nitie Moyo. Cha pili, Nifundishe. Cha tatu, Nipe Makavu, yaani ukweli usiopakwa mafuta, na humo ndimo nilimorudisha ile sheria ya kasoro kwanza. Nikaandika tangazo, na sikuomba ruhusa ya mtu. "Simu au kamera, mgeni au mkongwe, kila mtu achague chumba kwa jibu analotaka kusikia. Ukichoka hama, hakuna atakayekuuliza. Kukosoa kazi ni ruhusa kwenye Makavu. Kumtukana mtu au mwanawe si ruhusa popote, na huyo nitamtoa mimi kwa mkono wangu."

Kelele zilizotoka hapo! Wenye kamera kubwa wakasema nimewavunjia heshima, wamechanganywa na watu wa paka. Mmoja akatishia kuhama na wenzake. Nikamjibu mlango uko wazi, aangalie asijikwae. Wakahama wachache, wengi wakabaki, nami nikashuhudia kituko. Nusu nzima ya wale mafundi, wenye lenzi za bei mbaya, wenye mikanda ya ngozi shingoni, walikimbilia wapi? Nitie Moyo! Walisukumana mlangoni. Muuguzi naye nikampigia, akarudi na mwanawe, akachagua chumba hicho hicho, akavikwa kilemba cha ukoka pamoja na mafundi, na wote wakawa na furaha tele. Sikumcheka mtu. Kila mtu anajua anachokihitaji.

Lakini Mama hakuingia popote. Simu yake ilikuwa bado kwenye droo, na vyumba vyangu vyote vizuri havikuwa na faida yoyote kwake.

Nikafunga studio mchana, nikaenda. Njiani nilipanga maneno ya kumbembeleza. Wifi akanifungulia, akatikisa kichwa. Nikaingia chumbani, nikaona mgongo ule mwembamba chini ya shuka, na yale maneno ya kubembeleza nikayaona yalivyo. Yalikuwa maua mengine tu, na mimi ndiye niliyekuwa nimetangulia kumletea, hata kabla ya wale wa kundini.

Nikatoa simu yangu, nikafungua picha yake ya mwisho.

"Mama, hii picha yako ni mbaya."

Wifi aliyekuwa mlangoni akashika mdomo. Mgongo ukatulia.

"Unasemaje?"

"Ni mbaya. Hata hicho kidole chenyewe hakionekani vizuri."

"Nilikiweka makusudi!"

"Makusudi au bahati mbaya, ni mbaya. Na hii ya kabla yake umemkata paka kichwa."

"Paka alihama!"

"Fundi hamsingizii paka. Ungesubiri."

Akageuka. Macho yale, jamani, nilikuwa sijayaona muda mrefu. Nilitaka kumkumbatia na kumwomba radhi, nikajizuia kwa nguvu zangu zote.

"Wewe," akasema, "mimi niliyekufundisha kushika kijiko, leo unanifundisha kushika simu?"

"Mtu akishika vibaya afundishwe."

"Ebo! Niletee miwani yangu."

"Iko hapo mezani, Mama. Ifuate mwenyewe."

Wifi alinitazama kama niliyepandwa na wazimu. Mama akakaa. Akateremsha mguu mmoja, akapumzika, akateremsha wa pili. Alisimama akiwa ameshika ukingo wa kitanda, akayumba, na mimi nikafunga mikono nyuma ya mgongo ili isiende kumshika. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile. Akaifuata miwani. Akafungua droo, akatoa simu, akauliza chaja iko wapi na nani kaichukua, kwa nini katika nyumba hii kitu hakikai mahali pake. Wifi akasema, "Ile pale, Mama." Mama akasema, "Nimeiona, sijapofuka."

Sikumwambia habari za Makavu mpaka alipouliza mwenyewe, akiwa kwenye stuli yake jikoni. Nikamweleza vyumba vyote vitatu. Akasikiliza, akaguna, akasema majina niliyochagua ni mabaya. Akaingia Makavu kwa mlango wa mbele, na simu yake ya kawaida, kama mtu mwingine yeyote.

Asubuhi iliyofuata nikampigia, kama ninavyompigia kila asubuhi tangu tumzike Baba, kumuuliza ameamkaje.

"Nimeamka, si unanisikia? Haya kata, nina kazi. Kuna mtu huku anadai dirisha langu limepinda."

"Pimamaji?"

"Huyo huyo. Nimempigia picha ya dirisha lenyewe, zima, ananiambia upande wa kushoto umeshuka. Dirisha hili! Dirisha alilolipachika baba yako kwa mikono yake!"

"Kwani halijapinda, Mama?"

"Limepinda," akasema. "Nilimwambia siku ile ile anapigilia, tukabishana mpaka jua likazama, akakataa kulishusha. Lakini hilo lilikuwa langu mimi na yeye. Huyu anamjulia wapi mume wangu?"

Nikasikia stuli ikikwaruza sakafu.

"Kata simu, mwanangu," akasema. "Namjibu."

Akakata yeye.